Buti la Kushoto

Fundi wa laini za umeme hakuwa na glavu za mpira, hakuwa na mkanda wa kupandia nguzo, hakuwa na kofia ngumu, na hakuwa na buti la kulia. La kushoto alikuwa nalo. La kulia lilikuwa kwa fundi mwenzake, shemeji yake, kaka wa mkewe, maana kituo kilipewa jozi moja na mkuu wa kituo alikuwa mtu wa haki. Miguu iliyobaki ilivaa kandambili. Kanuni ilikuwa fupi: ukishuka nguzoni, tanguliza mguu wenye buti.

Alhamisi moja mkuu aliamuru umeme urudishwe mapema, nyama isije ikaharibika kwenye friji yake. Fundi alikuwa akishuka na waya uliokatika begani. Akatanguliza kandambili.

Umeme ulimpitia hadi unyayoni, na tangu hapo ardhi ikamkataa. Alisimama hewani, shibiri moja kutoka chini, mzima kabisa, nywele zikifuka moshi kidogo.

"Teremka basi, shemeji, au unaringa?" akauliza kaka wa mkewe.

"Nimeshateremka. Ardhi ndiyo haitaki."

"Na kandambili?"

"Imeungua."

"Ilikuwa yangu hiyo!"

Nyumbani alilala shibiri moja juu ya kitanda. Mkewe alivumilia wiki nzima, kisha akauliza kutoka chini, "Baba watoto, mimi nimeolewa au nimeezekwa?"

Wakajaribu buti. Upande wa kushoto ukashuka mpaka kwenye godoro. Wa kulia ukabaki juu, na blanketi likaanguka. Ikawa wazi kwamba jozi kamili ingemrudisha kwa mkewe. Shemeji aliombwa la kulia, akakataa kwa upole: bila buti naye angepigwa na umeme, na hakutaka dada yake awe na mapaa mawili.

Fundi akaenda ofisini peku. Mkuu aliinama, akachungulia chini ya nyayo zake.

"Wewe hukanyagi. Buti la nini?"

"La kulalia, mzee."

"Kulala kwako si kazi ya kituo."

Hapo hapo akaandikia makao makuu kwamba kituo hakihitaji tena viatu vya kinga. Fundi mmoja ameshazoea, na wenzake watapandishwa nguzoni peku hadi nao wazoee. Mabuti yote mawili yangekusanywa Jumatatu.

Akalamba bahasha, akaifunga, akaigonga mhuri. Kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na fundi hachafui miguu, akapewa yeye aipeleke. Akapita juu ya madimbwi bila kulowana, akafika posta, akaitumbukiza.