Kopo la Rangi Nyekundu

"Wachawi watatu, wote macho mekundu," mwongozaji alisema, akinisukumia kopo la rangi. "Mchawi mwenye macho meupe ni mchawi gani? Karani wa benki?"

Waigizaji wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kupaka rangi nyuso za waigizaji wa tamthilia ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na tiketi niliyopewa nilimpa bibi yangu. Bibi amepika kwa kuni miaka arobaini. Moshi ulimwachia macho mekundu, majirani wakamwita mchawi, mpaka akafungasha virago mchana kweupe huku akirushiwa mawe.

"Bosi, humu mchezoni wachawi wamemuua nani? Wanatabiri tu. Mwenye kisu ni waziri."

"Dada, paka rangi. Falsafa uliiacha chuoni."

Wachawi nikawaacha na nyuso zao safi. Alipoketi mbele yangu mwigizaji wa waziri, yule anayemchoma kisu mfalme wake ili atwae kiti, nilimpaka macho mpaka yakawa kama pilipili zilizoiva.

"Dada, tuna ugomvi?"

"Wewe fumba macho."

Pazia likafunguliwa. Waziri akaua, na mimi nikachungulia pembeni mwa jukwaa nikijiona mshindi. Wakati wa mapumziko bibi akanifuata nyuma ya pazia, mkongojo mkononi.

"Mjukuu wangu, ahsante. Jana nilikuwa mchawi tu. Leo umenipandisha cheo, nimekuwa muuaji, watu wa safu yangu wamegeuka kunitazama macho."

"Bibi, nilitaka waone kwamba..."

"Najua ulichotaka. Ila macho ni yaleyale, mama. Umeyahamisha tu nyumba."

Nilijichukia. Nikalowesha kitambaa, nikamkamata waziri na kumfuta mpaka akalia ngozi inamwaka. Mwongozaji akaja mbio.

"Unaniharibia mchezo! Kwanza wachawi, sasa waziri! Nitakufukuza!"

"Nifukuze pazia likishafungwa. Saa hizi nina kazi."

Sehemu ya pili waziri aliingia na macho meupe pe, kama ya mtu yeyote unayesalimiana naye asubuhi, akaagiza kwa sauti ya upole watoto wa mfalme wauawe. Ukumbini mama mmoja akamvuta mwanawe kifuani.

Safu ya mbele bibi yangu aliketi wima, taa za jukwaa zikimulika macho yake mekundu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.