Gari la Kansa Tandika

Lilikuwa Landrova jeupe, na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa za bluu: MRADI WA UTAFITI WA SARATANI. Lilisimama mbele ya nyumba ya Mzee Shomari pale Tandika, Jumamosi asubuhi, wakati wanawake wa mtaa mzima wako bombani wakigombea foleni. Mmoja aliyesoma akayasoma yale maandishi kwa sauti.

"Saratani ndo kitu gani?" akauliza mwenzake.

"Si kansa hiyo."

Ugomvi wa foleni ukaisha pale pale. Wote wakageuka kutazama.

Mwanabaraka, binti mkubwa wa Mzee Shomari, alikuwa barazani akifua mitumba aliyoinunua jana yake kwenye marobota ya Kariakoo. Alimtambua yule mwanamke aliyeshuka garini kabla hajafunga mlango. Ni Auleria, Mhaya mwembamba mwenye miwani, nesi aliyetolewa wodini akapelekwa kwenye utafiti. Mwaka uliopita, mwaka tisini na tano, huyu ndiye aliyekuwa akikaa kando ya kitanda cha Tabu.

Tabu alikuwa mdogo wake Mwanabaraka, wa kumfuata. Alifika hospitali titi limeshapasuka. Auleria akavuta kigoda, akaanza: umezaa mara ngapi, umenyonyesha muda gani, mama yako anaitwa nani, alikufa kwa maradhi gani, na ndugu zake je? Tabu alijibu huku anauma pindo la khanga. Mwanabaraka aliomba dawa ya maumivu, akaambiwa imekwisha, aulize kesho. Kesho ikawa hivyo hivyo. Maswali yakamalizika, dawa haikuja, na Tabu akafa analia mpaka pumzi ya mwisho, akazikwa Temeke.

Sasa Auleria alikuwa amesimama mbele ya baraza lao.

"Shikamoo mzee."

Mzee Shomari hakuitika marahaba. Bombani watu waliona, wakajua hapa kuna jambo.

"Unamtaka nani?" akauliza mzee.

"Namtaka Mwanabaraka, mzee. Na mdogo wake, Naima. Naomba tuongee ndani."

"Ndani kwa nani?" Mwanabaraka alisimama, mikono inachuruzika povu. "Mliyekuwa mnamwandika tumeshamzika. Mnatafuta mwingine? Kama una la kusema, semea hapo hapo."

"Dada, si jambo la kusemea nje."

"Hapo hapo!"

Auleria alitazama nyuma, akaona macho ya watu, akapunguza sauti. Lakini ule mtaa ulikuwa umenyamaza kimya, kila neno likafika. Alieleza kwamba zamani faili za wagonjwa zilitupwa stoo, kila moja kivyake, hakuna aliyejua huyu ni nani kwa yule. Mwaka huu mradi umepata kompyuta, na maelezo ya miaka yote yameingizwa humo. Tabu alikuwa ametaja jina la mama yake na la mama yake mdogo. Kompyuta ilipoulizwa majina hayo, ikawatoa wote watatu: marehemu mama yao Bi Somoe, mdogo wake Bi Nusaiba, na Tabu. Wote kansa ya titi, na hakuna aliyefikisha miaka arobaini.

"Ugonjwa wa namna hii huenda unatembea kwenye damu ya ukoo," alisema. "Ndiyo maana nimekuja. Mje mpimwe, wewe na Naima, mapema."

Mzee Shomari aliinuka. Miaka kumi na mitatu alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe alirogwa na jirani wa Mtoni, mpaka yule jirani akahama.

"Unakuja kuitukana damu ya wanangu mbele za watu? Toka! Nyie na mashine yenu, tokeni!"

Mwanabaraka alibeba beseni na kuyamwaga maji yote ya sabuni. Auleria alilowa toka kiunoni mpaka viatuni. Alirudi garini, viatu vimejaa povu, na gari lilipoondoka watoto walilikimbiza wakiimba, "Kansa! Kansa!"

Wiki ile haikuisha. Mama yake Suhaib alikuja kutoka Tabata na shangazi wawili. Suhaib alikuwa amemposa Naima, na Naima alikuwa anasubiri mfungo wa Ramadhani upite aolewe. Wageni walikunywa chai, wakasifu chai, kisha yule mama akasema kijana wake bado hajajipanga, wanaomba posa ivunjike kwa amani.

"Hajajipanga, au mmesikia maneno?" Mwanabaraka aliuliza.

"Mwanangu, mie nataka wajukuu watakaolelewa na mama yao," yule mama akajibu, taratibu kabisa, na akajifunika vizuri mtandio wake. "Hospitali yenyewe imesema ni ya ukoo. Mie nani wa kubisha?"

Naima alikuwa nyuma ya pazia. Wageni walipotoka naye akatoka, macho makavu.

"Yule nesi aliomba aongee ndani," alimwambia dada yake. "Nilisikia. Wewe ndiye uliyemwambia asemee nje. Umenimalizia maisha yangu, ili tu umkomeshe mtu."

"Naima, mie sikujua..."

"Usiniite."

Tangu siku ile Naima alipika, alifagia, alimnawisha baba yao mikono, ila hakumsemesha dada yake.

Haukupita mwezi, Mwanabaraka alipokuwa akioga, kiganja chake kilikwama. Kulikuwa na kitu chini ya titi la kushoto, kigumu kama kokwa ya zambarau, hakisogei wala hakiumi. Akakipapasa tena, kikawa pale pale. Angeweza kumwambia nani? Mume alishamwacha, mdogo wake hamsemeshi, baba angemtafutia mganga. Akavaa baibui, akaenda hospitali, na njia nzima alikuwa akipanga matusi.

Chumba cha mradi kilikuwa mwisho wa korido, na ndicho pekee chenye kiyoyozi. Kompyuta ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Auleria alikuwa peke yake.

"Kumbe mashine inapulizwa baridi!" Mwanabaraka alisema toka mlangoni. "Tabu wa watu anaoza kwenye joto, inzi wanamtembelea, mashine inapulizwa baridi!"

"Ni kweli," Auleria alisema. "Mashine ina mfadhili. Dawa ya maumivu haina."

"Na unasema hivyo bila haya?"

"Nina haya. Nifanye nini nayo?"

"Gari lako limevunja ndoa ya mdogo wangu. Mnaandika kansa mlangoni mnazunguka nayo uswahilini kama gari la sinema! Hukufikiria?"

"Hilo sikulifikiria."

"Hukufikiria! Unajua kufikiria kansa tu." Mwanabaraka alivua baibui akalitupa kitini, akafungua vifungo vya gauni. "Haya. Si ndicho ulichokuwa unataka? Pima!"

Auleria aliosha mikono, akapapasa. Kisha akatoka kumwita daktari. Walichoma sindano, wakavuta majimaji, wakayapeleka kupimwa. Jibu liliporudi lilikuwa lile lile la Tabu, ila daktari alisema uvimbe ni mdogo na kwapani kuko safi. Titi likatolewa.

Alipozinduka, maumivu yalimpanda kifuani mpaka shingoni. Jioni Auleria alikuja na kigoda chake na kalamu yake. Mwanabaraka alimkodolea macho.

"Dawa kwanza," alisema. "Sijibu kitu. Kwanza dawa."

"Dada, famasi wamesema..."

"Mie si Tabu. Katafute."

Auleria aliweka kalamu chini, akatoka. Alikaa sana huko. Watu wodini walisikia ugomvi koridoni, sauti yake ikiwa juu kuliko zote, akimtishia mtu kwamba atakwenda mpaka kwa mganga mkuu wa hospitali. Alirudi na sindano. Baada ya muda Mwanabaraka alilegea, akasema, "Haya uliza." Akajibu kila swali mpaka la mwisho. Hawakushukuriana.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Naima alimwekea dada yake sahani na kuondoka. Mzee Shomari alimwangalia usoni tu, hakuthubutu kushusha macho. Mwanabaraka alivumilia, halafu siku moja baada ya swala ya alasiri, wote watatu wakiwa ukumbini, akafungua gauni mbele ya baba yake. Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Baba. Mama alirogwa?"

"Jifunike, mwanangu."

"Nakuuliza. Alirogwa?"

Mzee alijifuta uso kwa kanzu. "Aliniambia ana uvimbe," akasema. "Alinionyesha, mdogo kama harage. Akasema twende hospitali. Nikasema daktari mwanamume hamshiki mke wangu ziwa. Nikampeleka kwa mganga Mbagala, hospitali akafika amechelewa. Nusaiba naye walipotaka kumpeleka, nikawakataza, nikawaambia ni mkono wa yule yule jirani, naye akachelewa vile vile." Akamgeukia binti yake mdogo. "Naima, nenda hospitali na dada yako."

Naima aliwatazama wote wawili kama watu asiowajua. "Gari lile lisije hapa," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa dada yake tangu posa ivunjike.

Walikwenda Jumatatu. Auleria alimpima Naima kwa muda mrefu, daktari akarudia. Hawakukuta kitu. Akaambiwa awe anakuja kila baada ya miezi sita. Kisha Auleria akaomba ruhusa ya kumwingiza kwenye kompyuta.

"Likishaingia humo jina langu, nani atalisoma?" Naima aliuliza.

"Mie na daktari tu."

"Na watu wa bombani?"

Auleria aliinuka akaufunga mlango, akarudi kitini.

"Wekeni namba," Naima alisema. "Maradhi, mama, dada, andika vyote. Jina langu hapana."

"Daktari atakataa."

"Basi na mie nakataa."

Auleria alifikiri, akaandika namba. Naima alisimama nyuma ya bega lake mpaka alipohakikisha hakuna herufi hata moja ya jina lake kwenye kioo.

Nje jua lilikuwa kali. Mwanabaraka alitaka kumshika mkono mdogo wake, naye akauondoa.

"Sijakusamehe, dada. Wala yule mwenye miwani."

"Najua."

"Nimekuja kwa sababu nataka kuishi. Usije ukadhani vingine."

Akatangulia mbele. Miezi sita ilipotimia alikwenda tena, safari hii peke yake, hakumuaga mtu. Nesi aliyempokea, mgeni pale, alimuuliza jina, na Naima akamtajia namba.