Mother Bila Leseni

Mzee Sankale hakuwa mtu wa kusikiliza maneno ya watu mlangoni, na mtu asimsingizie. Alikuwa ameshuka Kitengela kununua dawa ya kupe, akaona si vibaya apitie kwa Kitonga, yule kijana Mkamba aliyetaka kumuoa binti yake Soipan. Jumamosi wazazi wa pande mbili wangeonana kwa mara ya kwanza, na Sankale, kusema kweli, alikuwa bado hajakata shauri. Soipan ndiye kitinda mimba wake, na kumtoa kwa watu usiowajua kunauma. Basi akaketi kwenye benchi nje ya duka la Kitonga, lile la kutengeneza kompyuta, anywe soda yake huku kijana akimaliza simu. Na masikio si yapo hapo hapo kichwani? Angeyaacha wapi?

Sasa, mafundi wa kompyuta wana lugha yao. Ile bodi kubwa iliyolala ndani ya mashine, inayobeba vingine vyote, wao huiita mother, na kazi inaendelea. Sankale hayo hakuyajua. Neno mother alilijua kwa njia moja tu, maana Soipan humwita mama yake hivyo siku akitaka kitu. Na Kiswahili chetu cha huku mnakijua. Mama imeenda soko, ng'ombe zimerudi, hakuna mwenye muda wa kusahihisha mwenzake.

"Pole sana, baba," Kitonga alikuwa akimwambia mteja wake. "Mother imeungua kabisa. Stima ilirudi na nguvu, singeweza kuiokoa."

Sankale akaiweka soda chini.

"Lakini usijali, nimekupatia mother ingine. Si mpya, imetumika kidogo, lakini iko sawa. Shida ni leseni. Leseni ilifungwa na ile ya kwanza, sasa imeenda nayo. Hii ingine haitambuliki." Akasikiliza, kisha akacheka. "Aa, unaweza kukaa nayo hivyo hivyo. Hapa Kitengela wengi wanakaa hivyo. Ni vile tu itakuwa inakukumbusha kila siku. Ile ya zamani? Iko hapa kwa mfuko, chini ya meza."

Mzee hakungoja kusalimiwa. Alishika fimbo yake akaenda zake mbio, na dawa akaisahau pale kwenye benchi, kwa hivyo kupe wa Kajiado nao wakapata wiki ya raha.

Nyumbani alimsimulia mkewe Kakenya, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika, kwa sababu kwao Wamaasai aliyekufa hatajwi jina. Akazunguka zunguka kwa maneno. Yule wa Kitengela ameungua na stima. Mwanawe mwenyewe ameshamtafutia baba yake mke mwingine, tena wa kutumika, na hata cheti cha ndoa hana. Na yule wa kwanza yuko kwenye mfuko. Kakenya akauliza mfuko gani. Sankale akamjibu mfuko ni mfuko, akatangaza kwamba Soipan haolewi huko, basi.

Kakenya alikataa. Watu huenda kwanza kutoa pole, hasira inafuata nyuma. Soipan alikuwa akifundisha shule mbali, Ewuaso Kedong, na Kakenya akasema habari ya msiba haitumwi kwa simu, mtoto ataikuta Kitengela kwenyewe. Kwa hivyo Jumamosi wakafika Kitengela na kondoo, unga na sukari, nyuso zimekunjamana.

Geti likafunguliwa na mama mmoja wa makamo, kitenge kipya, tabasamu hadi masikioni. Huyo alikuwa Munyiva, mama mzazi wa Kitonga, mzima wa afya, ila Sankale hakuwahi kumwona. Alimtazama kutoka juu hadi chini. Mpya hakuwa. Alikuwa ametumika kidogo, lakini alikuwa sawa.

"Takwenya," akamsalimia kwa Kimaasai, shingo upande.

"Iko," Munyiva akaitikia vizuri kabisa, kama aliyezaliwa Kajiado, na Sankale akaudhika zaidi, maana alikuwa amejiandaa kumchukia.

Ndani, Muteti, baba yake Kitonga, alikuwa amekenua meno yote. Mtu aliyefiwa! Soipan alikuwa ameshafika, anacheka na Kitonga, wala dalili ya kilio hana. Sankale akajikaza, akampa Muteti pole kwa yaliyowapata juu ya mambo ya stima. Muteti, ambaye siku hiyo hiyo ya stima aliunguliwa na friji, akaona huyu mkwe ni mtu mwema kweli.

"Asante, mzee," akasema. "Tumezoea. Na hata hivyo ilikuwa imezeeka."

Hapo Sankale akashindwa. Alimwonea huruma huyo marehemu asiyeliliwa hata na mumewe, na alimwonea huruma zaidi binti yake. Akamgeukia Munyiva aliyekuwa akimimina chai.

"Mama, nikuulize mbele ya watu. Wewe uko na leseni?"

Munyiva akashusha birika. "Ya ndoa?"

"Ya ndoa."

"Sina," akasema, akimnyooshea Muteti kidole. "Huyu nimemwambia miaka yote. Kila mwaka ananiambia mwaka ujao."

Sankale akainuka na fimbo yake. Aliyasema yote. Kwamba mtoto wake hataingia nyumba ambayo wa kwanza akiungua anatiwa kwenye mfuko, anawekwa chini ya meza, na mwingine analetwa bila karatasi, halafu watu wananywa chai. Soipan akafunika uso. Kitonga akachomoka mbio hadi dukani kwake, pale mbele ya ploti, akarudi na mfuko. Kakenya alifumba macho kabisa. Kijana akatoa bodi ya kijani, kona moja imeungua.

"Mother ndiyo hii, baba. Ya kompyuta ya mteja."

Ikabidi aeleze pole pole. Kompyuta ikinunuliwa na Windows yake ndani, leseni hufungwa na hii bodi. Bodi ikifa, imekufa na leseni. Ile leseni ya kununuliwa peke yake ndiyo unayoweza kuhama nayo. Sankale akauliza, yaani ni kama chapa ya ng'ombe, huwezi kuibandua kwa aliyekufa ukampiga nayo mwingine? Kitonga akasema ndiyo, baba, hivyo hivyo. Na huyu mama? Huyu ndiye aliyenizaa. Kakenya alicheka mpaka shanga zikagongana, Muteti akacheka, na Sankale, aliyekuwa akitamani ardhi impasukie, mwisho akacheka pia.

Munyiva peke yake hakucheka.

"Lakini mzee aliuliza," akasema, "na mimi nikajibu."

Kicheko kikaisha. Kila mtu akamwangalia Muteti, na Muteti akaangalia viatu vyake. Sankale alishukuru kimoyomoyo kwamba aibu imehamia kwa mwingine, akakohoa akatoa hukumu. Soipan atatolewa, na kwa furaha, ila kwanza Muteti ampeleke huyu mama kwa msajili wa ndoa. Mwanamke hawezi kukaa kwenye nyumba maisha yake yote hatambuliki. Muteti akakubali. Munyiva akajifuta macho na ncha ya kitenge. Sankale akachukua kikombe chake, akaketi vizuri, ameridhika na nafsi yake.

"Baba Soipan," Kakenya akasema, "na yangu umeiweka wapi?"

Chai ikampalia mzee. Alipopata sauti alisema kwamba yeye alitoa ng'ombe, na wote waliona, na baba mkwe mwenyewe alibariki.

"Ulitoa," Kakenya akasema. "Leseni yangu uliifunga na ng'ombe. Na ng'ombe walikufa wote na kiangazi."

Kitonga akainama kuirudisha ile mother kwenye mfuko, asionekane uso. Sankale alingoja mtu amtetee, hakuna. Mwishowe akamgeukia Muteti, akamuuliza kwa sauti ya chini hiyo ofisi hufunguliwa saa ngapi.