Muhuri wa Mama Radi

Dijei aliyeitwa Mama Radi hakuwa na mtoto. Alikuwa na mabendi. Wenzake redioni walimcheka, eti muziki wa hevi metal ni kelele za mabati, lakini kila Jumamosi mchana aliwapigia nyimbo vijana wasiojulikana, akawatafutia kumbi, akawaazima hata nyaya. Bendi aliyoibeba kuliko zote ilikuwa ya mdogo wake, mwimbaji wa kunguruma. Ilipoanza kuvuma, bwana mdogo akaulizwa kwenye televisheni ni nani aliyewashika mkono. Akajibu bila haya, "Hakuna. Tumepambana wenyewe."

Mama Radi alikuwa anakula. Kijiko kilimponyoka. Yaani hata jina langu limemshinda kutaja! Akaapa atamtoa machozi, na machozi yenyewe watu wayasikie.

Hakungoja sana. Kampuni kubwa ilitaka kuutoa wimbo wao wa kwanza, na kompyuta ya studio walikorekodia ilikuwa imeungua na rekodi zote. Mdogo mtu akaja mbio kituoni, jasho linamtiririka.

"Dada, wimbo nilikuletea wewe. Naomba nakala safi, isiyo na sauti yako."

Maana Mama Radi alikuwa na mtindo wake: wimbo mpya ukifika, anaugonga muhuri, yaani anajirekodi akipaza jina lake katikati ya gitaa ili redio nyingine zisiuibe.

"Kwanza ingia hewani useme ukweli," alimwambia kwa upole wa kutisha.

Akaingia. Wee! Alitapika yote: alivyolala sebuleni kwa dada miaka nenda rudi, dada alivyouza jokofu bendi ipate ngoma. Mwisho akalia kwikwi, mji mzima unasikiliza. Mama Radi hakugusa kitufe cha kuzima maikrofoni. Alimwacha alie mpaka akauke. Kisha akatambulisha bendi mpya ya wasichana watatu, akaufungulia wimbo wao mpaka kioo cha studio kikatetemeka.

"Sasa nipe, dada."

"Nikupe nini? Nikishagonga muhuri, nakala safi naifuta. Ndiyo kawaida yangu tangu nianze kazi."

"Kwa hiyo ulijua haipo?"

"Tangu ulipopiga hodi."

Roho ya Mama Radi ilisuuzika, asikudanganye mtu. Akamsukumia mezani nakala pekee iliyobaki duniani, ile ambayo gitaa likifika patamu, dada mtu anapaza jina lake. Autoe wimbo hivyo hivyo, au akae nao.