Chai ya Bwana Pearce

Kumvalisha Bwana Pearce shati kulitaka subira. Unaanza na mkono uliopooza, kisha ule mzima, kisha vifungo, na muda wote yeye anataka soga. Wamaitha hakuchoka naye. Katika nyumba nzima ile ya wazee, huko Scarborough, huyu ndiye mkazi pekee aliyejua Kiswahili. Kibovu ajabu, lakini Kiswahili.

"Wewe naleta chai?"

"Nimeleta, mzee wangu."

Aliichemsha mwenyewe kila alfajiri kwake, mtaani Malvern, majani na maziwa pamoja, tangawizi kidogo, akaibeba kwenye thermosi. Ukikaa ughaibuni miaka minne, yeyote aliyewahi kukanyaga kwenu unamwita mtu wa nyumbani. Alifikia hata kumpigia mama yake Nyeri ili wasalimiane na mzee. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mzee alifanya nini Kenya, Wamaitha hakuuliza. Alidhani alikuwa mkulima.

Asubuhi hiyo ya Novemba 2010 ilikuwa siku ya kuwakumbuka wanajeshi. Binti ya Bwana Pearce alifika na kisanduku, akatoa medali.

"Hii mimi napata kwenu, Nyeri," mzee akasema, akiipapasa. "Wakati ya Mau Mau. Sisi nachoma nyumba mingi. Kwisha kabisa."

Guka yake Wamaitha, Kuria, baba wa mama yake, aliingia msituni kupigania uhuru. Walimkamata, na kizuizini alitoka na vidole visivyokunjika. Mpaka anakufa, bibi ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Wamaitha akatazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa bado kwenye kola ya Bwana Pearce.

Binti akamwomba Wamaitha amvishe mzee medali, ili yeye binti apige picha. Baba anakupenda sana, alisema.

Wamaitha hakusogea. Shelina, msimamizi wa zamu, Mhindi wa Mwanza, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini.

"Tabasamu basi, dada. Familia ikifurahi, kesho nitakuwa na la kusema ofisini kuhusu kazi yako ya kudumu."

"Shelina, huyu mtu..."

"Najua, anasumbua. Dakika moja tu, dada yangu."

Miaka minne ya zamu za kubahatisha, ya kungoja simu ilie ndipo ujue kama utakula. Wamaitha akachukua pini, akaichomeka kwenye koti la mzee, akainyoosha medali isikae upande. Akatabasamu. Simu ya binti ikamulika mara tatu.

"Wapi chai?" mzee akauliza.

"Imeisha, bwana."

Thermosi ilikuwa imejaa pomoni. Na hakuwa amewahi kumwita bwana hata siku moja. Hata kumnyima, alikuwa amemnyima kwa adabu ya boi wa mzungu. Aibu ikamwasha masikio.

Saa ya chakula alijibanza kwenye ngazi, akampigia mama. Nyeri, saa nane mbele, giza lilikuwa limeshaingia. Mama alikuwa akisonga ugali.

"Na yule mzungu wetu, anaendeleaje?"

Wamaitha alifungua mdomo amwambie. Akamwona akilini mama mbele ya meko, akicheka peke yake.

"Yuko salama, mama. Anakusalimia."

"Mwambie nimemweka kwenye maombi. Na chai usimnyime, mtoto wangu. Ni mzee."

"Nitampa," akasema.