Maji ya Mita Elfu Nne

Kabla hujanihukumu, jua kwamba kamba koche hapikwi kwa maji ya bomba. Mimi nimezaliwa Dover, kusini mwa Tasmania, na kwetu mtu akimchemsha kamba kwa maji ya bomba na chumvi ya pakiti, ndugu zake humwonea haya. Kamba hupikwa kwa maji ya bahari. Sasa siku ile nilikuwa na kamba kumi na wanane wazima, na meli ilikuwa ikiyumba mno hata huwezi kuteka maji kwa ndoo.

Kamba wenyewe nilipewa na binamu yangu Darryl. Dhoruba ilikuwa imetufukuza hadi ghuba ya Port Davey, tukatia nanga karibu na boti yake ya uvuvi, nikampa mikate sita na keki ya matunda, naye akanirushia gunia. Meli yetu ni ya taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, na mimi ni mpishi wake, mwaka wa ishirini na mbili huu. Wanasayansi huja na kuondoka. Mimi na jiko tupo.

Basi tuliporudi bahari kuu, nikakuta kwenye chumba changu cha baridi madumu mawili ya lita ishirini, yameandikwa: "Maji ya bahari. Usiguse. Bronte." Nilisoma. Sitasema uongo, nilisoma. Lakini melini kila mtu huandika "usiguse": kwenye mtindi, kwenye chokoleti, hata kwenye nusu tango. Na sheria yangu inajulikana: kinacholala na siagi yangu ni changu. Nikamimina yote sufuriani.

Chakula cha mchana kilikuwa sherehe. Profesa Stavroula Katsaros, mchoraji wa ramani za sakafu ya bahari, mama ambaye hutabasamu mara moja kwa safari, aliongeza mara tatu.

"Gwenda, umewafanya nini hawa?" akauliza huku ananyonya mguu wa kamba.

"Siri ya jikoni, Profesa. Wewe kula."

Bronte Kowalczyk, yule mwanafunzi wa uzamivu, hakuwepo. Alikuwa amelala baada ya zamu. Alikuja saa saba na nusu, nywele timutimu, akaingia chumba cha baridi, akatoka mikono mitupu.

"Gwenda, madumu yangu umeyahamishia wapi?"

"Sufuriani, mwanangu."

Alicheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

Ndipo nikaambiwa. Friji ya maabara ilikuwa imekufa, akaomba hifadhi kwangu kupitia msaidizi wangu, ambaye akasahau kunieleza. Maji yale yalitoka mita elfu nne chini, kwenye giza, na ndani yake mlikuwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Alitaka kuvifikisha bandarini Hobart vikiwa hai. Alikuwa ameomba nafasi kwenye meli hii kwa miaka mitatu, na bila maji hayo utafiti wake usingekamilika.

"Umevichemsha kwa dakika ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili."

Akakaa juu ya gunia la viazi. Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikapanda kwa Lachlan, mkuu wa msafara wa utafiti. Akanisikiliza, akajikuna ndevu.

"Zimebaki saa kumi na moja, halafu tunageuka kurudi. Kushusha chupa za kutekea maji na kuzipandisha kunakula saa nne. Na saa zote zina wenyewe, Gwenda. Mimi siwezi kumpora mtu."

Kweli. Saa za bahari hugawanywa kabla hatujang'oa nanga, na mtafiti atakupa figo kabla hajakupa saa yake.

"Nani ana nne mfululizo?"

"Stavroula ana sita. Kamwombe mwenyewe. Mimi simo."

Nikaenda na bakuli la pudini. Profesa alikuwa mbele ya skrini zake. Ramani yake ilijaa rangi, isipokuwa ukanda mmoja mweupe katikati.

"Hilo pengo nimelingoja miaka tisa," akasema bila kugeuka. "Na hiyo pudini iweke chini, nakujua. Unataka nini?"

Nikamweleza yote, sikuficha hata sehemu ya kusoma maandishi.

"Kwa hiyo wale kamba walipikwa kwa sampuli."

"Ndiyo, Profesa."

"Na mimi nimekula watatu."

"Wanne," nikasema. "Nilihesabu."

Akanikazia macho. Nikainamisha kichwa.

"Najuta sana. Lakini ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki."

"Upuuzi!" Akapiga meza, pudini ikatikisika. "Haya yanazoleka. Yamejaa tele huko chini. Yanataka saa nne tu." Akautazama ule ukanda mweupe kwa muda mrefu, akaguna. "Zichukue. Ila wewe ndiye utakayeteka."

"Mimi? Mimi mpishi!"

"Si ulijua kuyamimina? Nenda kajifunze kuyajaza."

Saa kumi na mbili jioni, jua bado kali la kiangazi cha kwetu kusini, nilikuwa sitahani na kofia ngumu, nikiitazama winchi ikivuta waya. Bronte alinifundisha: suuza dumu mara tatu, usiguse mdomo wa chupa, usiongee juu yake.

"Hata kuongea?"

"Mate, Gwenda."

Chupa ya kwanza ikaja tupu. Haikujifunga kule chini, maji yakapita tu. Ya pili pia tupu. Bronte akauma glavu yake, na mimi nikasali, mimi nisiyesali. Ya tatu ikatoa maji, ya nne ikatoa, na zilizofuata zote. Yalikuwa baridi ya kukata vidole. Lita arobaini nilizijaza bila kutamka neno, na wenzangu wa jikoni hawaamini mpaka leo.

Tulipofunga mfuniko wa mwisho nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

"Maji si kitu," akasema. "Niliandika jina langu, na wewe ukaliona ni takataka."

"Ndivyo nilivyofanya. Nimekosa."

Akanisukumia daftari la sampuli na penseli. Kila sampuli lazima ionyeshe nani ameiteka, na nafasi hiyo ilikuwa wazi. Nikaandika polepole, Gwenda Triffitt. Miaka ishirini na mbili melini, na jina langu halikuwahi kuwamo kwenye daftari hilo.

Bronte akasoma, akafunga daftari.

"Haya. Sasa ukiyapika na haya, umejiibia mwenyewe."

Tukacheka wote wawili, tukayabeba hadi chumba cha baridi, na ufunguo nikampa yeye.