Kuta Ndani ya Tangi

Siku ya nne ya uvunaji, mwaka 1982, boza la dizeli lililala ubavu kwenye kona ya korongo, kati ya makao makuu ya shamba la ngano la serikali na mashamba yake ya bondeni. Dereva, Gidabuday, alitokea dirishani akiwa na mchubuko mmoja tu kwenye kiwiko. Hakupoteza muda kujikagua. Alikata tawi la mgunga, akasimama nalo katikati ya barabara, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuteremka na madebe. Mmoja wao alikuwa na sigara mdomoni. Gidabuday alimwamuru aizime chini ya kiatu, akamsindikiza mwenyewe hadi ng'ambo ya korongo. Alisimama pale na tawi lake tangu saa nne asubuhi hadi trekta la kuvuta lilipofika saa tisa. Hakuna aliyechota dizeli na hakuna aliyeungua.

Kwa kazi hiyo hakushukuriwa. Meneja wa shamba, Ndugu Nicodemo, alikuwa mtu wa saa na wa pasi, suti yake ya Kaunda haina mkunjo hata wakati wa vumbi la mavuno. Aliandika kwamba dereva alikimbiza gari, akamwondoa kwenye usukani na kumpeleka kufyeka nyasi kwenye kiwanja cha ndege ya kunyunyizia dawa. Gidabuday, mtu wa tambarare za Hanang aliyeendesha malori miaka kumi na tisa bila kukwaruza hata rangi ya gari, hakubishana sana. Alisema neno moja na kulirudia kwa kila aliyemuuliza.

"Sikukimbia. Nilikanyaga breki, gari likapunguza mwendo, halafu kitu kikanisukuma kutoka nyuma."

Karakana nzima ililifanya neno hilo mchezo. Fundi akijikwaa kwenye waya, atasema amesukumwa kutoka nyuma. Mpishi wa kantini akimwaga mchuzi, amesukumwa kutoka nyuma. Mtu aliyechelewa kazini alisema yeye angesukumwa kidogo tu angewahi.

Verediana hakucheka. Si kwamba alimhurumia sana dereva. Alitaka kujua ni kitu gani kilichomsukuma. Alikuwa binti wa mkulima wa maharage wa Maretadu, amemaliza chuo cha ufundi Arusha miezi sita nyuma, na ndiye mwanamke pekee katika karakana ile. Mpaka siku hiyo walikuwa wamempa kazi ya kunoa visu vya kombaini na kujaza kadi za matengenezo, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka.

Alimfuata Gidabuday kiwanjani wakati wa mapumziko ya chai, akamwamkia shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, akaweka fyekeo chini, akangoja swali ambalo alishalizoea. Verediana akamuuliza tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani.

Gidabuday aliketi kwenye nyasi alizozifyeka. Akasema lilikuwa nusu, kwa sababu nusu nyingine alikuwa ameshaishusha kwenye shamba la kwanza. Verediana akauliza kama gari huwa linasukuma likiwa limejaa. Hapana, likijaa ni zito lakini linatulia. Na likiwa tupu? Likiwa tupu linaruka kama mbuzi, lakini halisukumi. Ni likiwa nusu tu.

"Wote wameniuliza nilikuwa mwendo gani," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza habari ya tangi."

Verediana alirudi karakana mbio, akachukua taa ya betri, akapanda juu ya boza lile lililopinduka, ambalo lilikuwa limeshatolewa mafuta na kuegeshwa nyuma ya stoo. Hakufika mbali. Mzee Tadei, mchomeleaji wa shamba, mtu wa Tumati mwenye sauti ndogo, siku hiyo aliitoa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia, akimwamuru ashuke. Alipokuwa amesimama chini, akamweleza kwa utulivu kwamba tangi lisilo na mafuta ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke wa mafuta, na cheche ya swichi ya taa inatosha. Alikuwa na rafiki, alisema, aliyechomelea pipa tupu. Hakumalizia, na Verediana hakuhitaji amalizie.

Ndipo Tadei mwenyewe alipokwenda kufungua kioo cha pembeni cha lori bovu. Wakasimama upande wa jua, wakafungua mfuniko wa tangi, Tadei akageuza kioo mpaka mwanga ukaingia ndani. Verediana alichungulia akiwa amebana pumzi. Aliona chumba kimoja kirefu, mbele hadi nyuma, bila kitu chochote katikati. Lilikuwa tangi la maji la watengeneza barabara, ambalo shamba lililipata na kulipandisha juu ya lori kwenye magogo mawili ya mninga. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba dizeli ikiwa nusu, na dereva akishika breki mteremkoni, yote itakimbilia mbele kwa pamoja na kuligonga gari kutoka ndani.

Kumwambia meneja kwa maneno kusingesaidia. Alikuwa ameshaandika ripoti. Verediana alipasua pipa kwa urefu, akapata mabeseni mawili marefu. La kwanza aliliacha kama lilivyo. La pili Tadei alilichomelea vipande viwili vya bati nene vya kuligawa vyumba vitatu, kila kimoja kikiwa na matundu. Wakayaweka kwenye matoroli mawili, wakatia maji nusu, wakamwomba meneja apite.

Mpango ulikuwa Verediana asukume na meneja atazame. Lakini Ndugu Nicodemo hakuwa mtu wa kuamini jambo ambalo mikono yake haijaligusa. Alishika mwenyewe toroli la kwanza, akalikimbiza hatua kumi, akasimama ghafla. Maji yalikwenda mbele, yakagonga ukingo, yakarudi yote kwa pamoja na kummwagikia kuanzia mkanda hadi viatu.

Tadei aliinama ndani ya sanduku lake la vifaa akitafuta kitu ambacho hakikuwemo. Meneja aliangalia suruali yake, akaangalia toroli, kisha akashika la pili na kulikimbiza kwa nguvu zaidi. Akasimama. Maji yalitikisika, yakapiga piga ndani ya vyumba vyake, yakatulia. Akajaribu tena, na tena, kama mtu anayetaka kulikamata toroli likisema uongo.

Aliuliza matundu yale ni ya nini. Verediana alimweleza kwamba mafuta yapite, lakini yapite polepole, na tangi zima liweze kumwagika kupitia koki moja. Meneja akageuka na kuondoka. Walidhani amekasirika, mpaka aliporudi baada ya nusu saa akiwa amevaa kaptura, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akasema matrekta yatabeba dizeli kwenye mapipa kwa wiki moja, na wiki hiyo ni yao.

Siku tatu za kwanza zilikwenda katika kusafisha. Tadei hakutaka kuharakishwa. Walilijaza tangi maji hadi mdomoni wakalimwaga, mara tatu. Kisha wakachemsha maji mbali kabisa, nyuma ya ghala, wakaleta mvuke kwa bomba refu la chuma na kuuacha ufanye kazi siku mbili. Hapo tu ndipo Tadei alipowasha gesi yake, akakata kisogo cha tangi na kukitoa chote kama mfuniko wa sufuria, ili upepo upite na mtu afanye kazi ndani akiwa anaona mlima wa Hanang. Kuta za kuligawa tangi zilikuwa tatu. Verediana alizipima, akaweka alama kwa chokaa, akaziangalia tena, akagundua ya mwisho ameiweka mahali ambapo ingeziba koki, akaifuta huku akiomba Tadei asiwe ameona. Tadei alikuwa ameona. Alimngoja tu agundue mwenyewe.

Gidabuday alikuwa anamaliza kufyeka saa nane, na kila siku alikuja kukaa juu ya tairi kuukuu kutazama. Siku ya tatu ya kuchomelea alisema kwamba koki yenyewe haimpendezi. Ilikuwa imechomoza nyuma kama chuchu ya mbuzi, na gari lolote litakalomgusa kwa nyuma litaing'oa na dizeli yote iko barabarani. Verediana alikuwa hajaliwaza hilo. Wakaihamishia chini, ndani ya fremu, wakaikinga kwa kipande cha chuma cha reli. Na kuanzia siku hiyo hawakumwacha tena akae kwenye tairi, walimpa glavu.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye kiwanja cha ndege, kisogo cha tangi kikiwa kimechomelewa tena na maji yakiwa nusu. Kantini ilifungwa, kwa sababu wapishi nao walikuja. Gidabuday alikimbiza boza kwenye nyasi alizozifyeka mwenyewe, akakanyaga breki mbele ya umati. Gari lilisimama na kubaki limesimama. Watu wakapiga makofi, na yule wa kusukumwa awahi kazini akapiga kwa nguvu kuliko wote. Kisha Gidabuday akazunguka pipa lililowekwa kama kona. Boza liliinama upande mmoja kiasi kwamba wale waliokuwa karibu walirudi nyuma. Akasimamisha, akashuka.

"Mbele limetulia," alimwambia Verediana. "Ubavuni bado."

Verediana alitamani ardhi imfiche. Lakini alipolizunguka gari mara mbili aliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake muda wote: tangi lilikaa juu mno. Yale magogo mawili ya mninga yalikuwa yameliinua kuliko ilivyohitajika, na uzito wote ulikuwa huko juu, tayari kupinduka. Alisema magogo yatoke na tangi likae chini, kwenye fremu.

Hapo alimgusa Tadei panapouma. Magogo yale aliyafunga yeye, miaka minane nyuma, na alijivunia jinsi yalivyodumu. Alikusanya nyaya zake na jioni ile hakuongea na mtu. Verediana alikwenda kulala akijiuliza kama amempoteza mtu pekee aliyemfundisha kazi bila kumcheka. Asubuhi alipofika karakana alikuta Tadei ameshafika kabla ya kengele, bolti zote nane zimefunguliwa na kupangwa kwenye kitambaa, na magogo yako chini.

"Yalikuwa magogo mazuri," Tadei alisema. "Nitatengeneza benchi."

Jaribio la pili, meneja alisema ataketi ndani. Hakuna aliyemshauri. Alipanda na kofia yake, na suti iliyonyooshwa upya, akashika mlango kwa mikono miwili. Gidabuday alizunguka pipa mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa mwendo wa kawaida, mara ya tatu kwa mwendo ambao Verediana asingemruhusu kama angeulizwa. Boza liliinama kidogo tu, likainuka, likaendelea. Lilipofika mwisho wa kiwanja na kusimama, kofia ya meneja ilikuwa bado kichwani.

Kesho yake asubuhi, wakati wafanyakazi wamepanga mstari kusubiri kugawiwa kazi, Ndugu Nicodemo alisimama mbele yao na karatasi mbili. Alisema ya kwanza ni ripoti aliyoiandika siku ya ajali. Ya pili ameiandika jana, na hiyo ndiyo itakayokwenda makao makuu ya mashamba ya serikali. Alisema alimwandikia dereva kosa ambalo lilikuwa la tangi, na kwamba mtu aliyesimama saa tano juani akizuia moto usitokee alistahili maneno tofauti. Hakusema pole, hakuwa mtu wa neno hilo, lakini alimkabidhi Gidabuday ufunguo wa boza mkononi, mbele ya watu wote, na akaushika mkono wake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Gidabuday aliangalia mlima mpaka macho yake yalipokauka.

Ripoti ya pili ilihitaji kuambatishwa mchoro. Verediana aliuchora nyuma ya bango la mbegu, kwa kuwa hakukuwa na karatasi kubwa nyingine, na akaandika chini majina matatu. Mashamba mengine mawili ya ngano yaliomba nakala kabla mavuno hayajaisha, na kadi za matengenezo zikaanza kujazwa na mtu mwingine, mwenye mwandiko mbaya sana.

Siku ambayo boza lilirudi barabarani na dizeli ya kweli, Verediana aliomba kwenda nalo. Alichukua daftari, penseli na saa aliyoazima kwa meneja, akasema ataandika kila kitu: breki, kona, mtikisiko wa koki, lami iliyoziba ukingo wa mfuniko kama itavuja. Waliteremsha nusu ya mafuta kwenye shamba la kwanza kama kawaida, wakapanda tena, wakaelekea kwenye mteremko wa korongo. Ngano ilikuwa imeiva pande zote mbili, kombaini zikitembea kwa mbali huku zikifuka vumbi. Gidabuday aliushika usukani kwa nguvu mwanzo wa mteremko. Alikanyaga breki mapema, akasubiri kule kusukumwa. Hakukuja. Akalegeza vidole, akaiingia kona, akaitoka.

Aligeuka kumwambia Verediana aandike. Daftari lilikuwa limefunguka mapajani, ukurasa mweupe, penseli imedondoka miguuni. Binti alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa kikigonga gonga mlango taratibu, kwa uchovu wa wiki nzima.

Gidabuday hakumwamsha mpaka walipofika. Habari ile aliisimulia kantini kwa miaka mingi, na kila mara aliisimulia kama sifa ya gari.